Siku 44 za Homa ya Bonde la Ufa

Tarehe 11 hadi 14 Juni 2019, Jumuiya ya Afrika Mashariki, ikisaidiwa na Shirika la Afya Duniani na wafadhili wengine, iliendesha zoezi la uwandani mjini Namanga, pande zote mbili za mpaka wa Kenya na Tanzania. Mlipuko ulikuwa wa kubuni, lakini simu, magari, fomu na sampuli zilikuwa za kweli. Zoezi lilikusudiwa kupima kama mipango ya dharura iliyoandikwa maofisini inafanya kazi mahali ambapo ng'ombe, malori na watalii hupita kila siku: kama ofisa wa afya anamjulisha ofisa mifugo, na kama habari ya upande mmoja inaufikia upande wa pili kabla ya ugonjwa wenyewe. Ugonjwa uliochaguliwa ulikuwa homa ya Bonde la Ufa, na uchaguzi huo ulifaa sana. Ebola inaogopwa zaidi, lakini homa hii ndiyo inayoonyesha vizuri kwa nini nchi jirani haziwezi kujiandaa kila moja peke yake. Sababu yake imo ndani ya yai la mbu.

Kirusi chake kilitambuliwa mwaka 1931 karibu na Naivasha, Kenya, kondoo walipokufa kwa wingi shambani. Kwa mifugo dalili kubwa ni majike kutupa mimba, karibu kundi zima kwa wakati mmoja, na vichanga kufa. Binadamu huambukizwa anapochinja, anapochuna, anapomsaidia mnyama kuzaa au anapoumwa na mbu. Wengi hupata homa ya siku chache na kupona. Wachache huathirika macho au ubongo, na wachache zaidi hutokwa damu, na kati ya hao karibu nusu hufa. Hakuna ushahidi kwamba mgonjwa humwambukiza mtu mwingine.

Kinachosumbua akili ni kimya chake. Kulikuwa na mlipuko mkubwa Afrika Mashariki mwaka 1997 na 1998, wakati wa mvua za El Niño, kisha karibu miaka minane ikapita hadi mlipuko mwingine mkubwa mwishoni mwa 2006. Mnyama aliyeugua akapona hana kirusi tena. Mbu mzima huishi wiki chache tu. Kwa miaka hiyo yote, basi, kirusi kilikuwa wapi?

Sehemu kubwa ya jibu iko udongoni. Mashariki mwa Afrika kuna mabonde mapana yasiyo na mkondo, yenye udongo mweusi wa mfinyanzi, ambayo hukauka na kupasuka kiangazi na kugeuka ziwa la kina kifupi mvua ikizidi. Wakulima wa Tanzania Bara huyaita mbuga. Utalii umelichukua neno hilo na kuwapa simba na tembo, kiasi kwamba wengi wakisikia mbuga hufikiria hifadhi. Hapa linatumika kwa maana ya mkulima, kwa kuwa hakuna jingine linaloieleza ardhi hiyo vizuri. Kinamasi hakifai, maana kinamasi hakikauki.

Mbugani humo huishi mbu wa mafuriko wa jenasi Aedes, hasa spishi iitwayo Aedes mcintoshi. Mbu wengi waliozoeleka majumbani hutaga juu ya maji. Huyu hatagi majini. Jike lake hutafuta udongo wenye unyevunyevu pembezoni mwa dimbwi linalonywea, hutaga penye nyufa na kwenye mashina ya majani, kisha huondoka. Maji huendelea kukauka na ng'ombe hupita juu yake. Ndani ya yai kiluwiluwi hujengeka mpaka kikamilike, halafu kila kitu husimama. Ganda huzuia unyevu wa ndani usitoke, na kiumbe kilichomo hubaki hai kwa miezi, hata miaka, katika vumbi ambalo mtu angeapa kuwa halina uhai.

Kiswahili kina neno linalokaribia kuieleza hali hiyo, nalo ni kuatamia. Kuku huatamia mayai, na baadhi ya maandishi ya afya huita muda kati ya kuambukizwa na kuugua kipindi cha kuatamia. Katika mbuga maana zote mbili zinakutana mahali pamoja: udongo unaatamia mayai, na mayai yanaatamia ugonjwa. Kasoro ya neno ni kwamba kuku huyapa mayai joto ili yaanguliwe upesi, ilhali udongo unayahifadhi ili yasianguliwe kabla ya wakati. Wapo wanaopendelea kusema mayai yamelala. Lakini aliyelala huamshwa na chochote, hata mlango ukigongwa, na mayai haya hayaamki ovyo. Kuatamia, pamoja na kasoro yake, kunabeba ile hali ya kuwa na saa ndani yako.

Saa yenyewe ni ya ajabu. Kulowa peke yake hakutoshi. Mafuriko yanapotuama juu ya majani makavu na samadi, bakteria huanza kuyaozesha, na katika kazi hiyo huitumia oksijeni iliyoyeyuka majini. Oksijeni inaposhuka, kiluwiluwi kilicho ndani ya yai hupata ishara. Ni ishara iliyo sahihi mno: inaeleza kuwa maji yapo, yametulia, na kwamba chakula kipo tayari, kwa maana viluwiluwi hula bakteria haohao na uozo huohuo. Ndipo ganda hupasuka. Baada ya siku kama 10 wingu la mbu huinuka kutoka mahali palipokuwa pakavu kabisa.

Hata hapo si mayai yote yanayoitika. Mkulima wa mtama huko Dodoma anaielewa vizuri hesabu hii. Mvua ya kwanza ikinyesha, hapandi mbegu zake zote, kwa sababu amewahi kuona mvua ya siku mbili ikiotesha mbegu na jua la wiki tatu likizikausha. Hupanda sehemu, akabakiza ghalani. Mvua ya pili ikija, hupanda tena. Mwaka ukiwa mbaya, hupoteza alichopanda lakini hapotezi mbegu. Mbu wa mafuriko amefika kwenye busara hiyohiyo bila kufikiri: mayai ya jike mmoja hayafanani kwa wepesi wa kuitika, na mengine husubiri furiko la pili, la tatu au la mwaka mwingine. Ghala lake ni tope. Sasa ichukuliwe kwamba ndani ya mtama wa mkulima huyo zimechanganyika mbegu chache sana za magugu. Kila anapohifadhi mtama amehifadhi na magugu. Kila anapopanda ameyapanda. Hakuyakusudia na hayaoni, na hata akikaa miaka mitatu bila kulima, magugu hayajapungua, kwa kuwa yamo ghalani pamoja na chakula chake. Kirusi cha homa ya Bonde la Ufa ndiyo mbegu ya magugu. Hupita kutoka kwa jike kwenda ndani ya yai, na kutoka yai kwenda kwa mbu atakayezaliwa, bila kuhitaji mnyama wala binadamu katikati.

Ushahidi wa jambo hili ulichapishwa mwaka 1985. Watafiti nchini Kenya walikusanya viluwiluwi uwandani katika kipindi kisicho na mlipuko, wakawalea mpaka wakawa mbu kamili, kisha wakatafuta kirusi. Walikikuta, hata kwa madume. Dume wa mbu hanyonyi damu maisha yake yote; hunywa utomvu na maji ya maua. Asingeweza kukipata kwa kumuuma ng'ombe. Alizaliwa nacho. Ni vigumu kutaja ushahidi mwingine katika elimu ya magonjwa ya mifugo ulio rahisi kueleweka na wenye nguvu kiasi hicho.

Mayai yenye kirusi ni machache, kwa hiyo furiko la kawaida huisha bila tukio. Furiko la wiki nyingi ni jambo jingine. Mbu wachache wenye kirusi huuma ng'ombe, mbuzi na kondoo waliofuata malisho mabichi, na kwa siku chache damu ya mnyama huyo hujaa kirusi. Wakati huo mbuga bado ina maji, na mbu wa jenasi Culex, ambao hutaga juu ya maji yaliyotuama, wameshaongezeka. Wao hunyonya damu hiyo na kukisambaza kirusi mbali zaidi. Aedes huanzisha, mifugo hukuza, Culex hueneza.

Kinachofuata kutokana na hayo ni kwamba mpaka hauwezi kufungiwa ugonjwa huu kwa ukamilifu. Umasai wa Kajiado na Umasai wa Longido una udongo wa aina moja na mbu wa aina moja, na kirusi kinaweza kuamka pande zote mbili bila hata ng'ombe mmoja kuvuka. Wavukao huongeza moto, na kuzuia mifugo kusafirishwa wakati wa mlipuko kuna faida yake. Lakini kitu cha thamani zaidi ambacho nchi moja inaweza kuipa nyingine ni muda.

Mwaka 2006 unaonyesha muda huo ulivyo. Kenya ilihesabu wagonjwa wake kuanzia tarehe 30 Novemba 2006. Tanzania kuanzia tarehe 13 Januari 2007. Kati yake ni siku 44. Mvua za kaskazini mashariki mwa Kenya, upande wa Garissa, zilitangulia, na mvua za katikati ya Tanzania zikafuata kwa kalenda yake. Hadi Machi 2007 Kenya ilikuwa imehesabu wagonjwa 684 na vifo 234. Tanzania, hadi mwanzoni mwa Mei, wagonjwa 264 na vifo 109, na Dodoma ikiwa miongoni mwa mikoa iliyoumia zaidi. Somalia nayo ilihesabu wagonjwa 114 na vifo 51.

Onyo halikukosekana. Tangu 1999 wanasayansi walikuwa wameonyesha kwamba joto la Bahari ya Pasifiki na la magharibi ya Bahari ya Hindi, likisomwa pamoja na ukijani wa ardhi unaoonekana kwa setilaiti, linaweza kubashiri milipuko hii miezi kadhaa kabla. Mwishoni mwa 2006 ubashiri huo uliipa Pembe ya Afrika wiki mbili hadi sita za tahadhari. Shida ilikuwa hatua. Baadaye wataalamu, Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo ya Nairobi ikiwemo, waliandaa mwongozo unaofungamanisha kila ishara na kazi yake: utabiri wa mvua, mvua yenyewe, mbu kuinuka, mifugo kutupa mimba, binadamu kuugua. Anayesubiri ishara ya mwisho ili awe na hakika ameshazipoteza nne za mwanzo. Utabiri wa msimu kwa eneo zima hutolewa na kituo cha hali ya hewa cha IGAD, jumuiya ya nchi za Pembe ya Afrika na jirani zake, nacho kiko Kenya, lakini onyo lake linahusu mbuga za nchi zote.

Chanjo ndiyo inayobanwa zaidi na muda. Chanjo kongwe ya mifugo ilitokana na kirusi kilichopatikana kwa mbu wa msitu wa Semliki, Uganda, mwaka 1944, na ilipewa jina la mtafiti Smithburn. Dozi moja hutoa kinga ya muda mrefu, ingawa majike wenye mimba wanaweza kuitupa. Kazi yake ni kabla ya mafuriko. Mlipuko ukishaanza, sindano moja ikipita kutoka mnyama mgonjwa kwenda mzima inaweza kufanya kazi ya mbu. Siku 44 zinatosha kuchanja maeneo ya hatari ikiwa dawa ipo, majokofu yapo na simu ilipigwa siku ya kwanza. Hazitoshi ikiwa dozi zinaanza kuagizwa siku ya 30.

Kwa ajili ya simu hiyo, Kenya, Tanzania na Uganda zilianzisha mwaka 2000 mtandao wa pamoja wa ufuatiliaji wa magonjwa, ukiwakutanisha wataalamu wa afya ya binadamu na wa mifugo. Kanuni za Afya za Kimataifa za 2005, zilizoanza kutumika Juni 2007, zinataka tukio la hatari liripotiwe ndani ya saa 24 baada ya kutathminiwa. Mwaka 2020, corona ilipoingia, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilizigawia nchi wanachama maabara tisa za kuhamahama zilizogharamiwa na Ujerumani. Maabara ya namna hiyo humfuata mgonjwa, badala ya sampuli kusafiri siku tatu barabarani ikipoteza ubaridi.

Lipo zito jingine, nalo ni biashara. Septemba 2000 homa hii ilitokea Saudi Arabia na Yemen, mara ya kwanza nje ya Afrika, na Saudi Arabia ikazuia mifugo ya Pembe ya Afrika hadi 2009. Wafugaji wa Somalia waliokuwa wakiishi kwa soko la Hija waliumia mno. Serikali inayokumbuka hayo husita kutamka jina la ugonjwa mapema, na kusita huko ndiko kunakokula siku za jirani. Njia iliyofungua soko ilikuwa karantini, kama ile iliyojengwa Berbera: mnyama hukaa mahali pa ulinzi, hupimwa damu, kisha husafirishwa. Inawezekana kwa sababu kirusi hakidumu katika damu ya ng'ombe au kondoo zaidi ya wiki moja hivi. Kinachodumu ni yai.