Kufunga ekzosi ya lori hakufufui turbo iliyochoka

LORI linapoondoka Changamwe likiwa na kontena mgongoni, safari ya takriban kilomita 480 hadi Nairobi huanza karibu na usawa wa bahari na kuishia kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi. Miinuko huanza mapema, kuelekea Mazeras na Mariakani, na hapo ndipo dereva hutambua iwapo turbo ya injini yake ingali na nguvu au imechoka.

Ili kuongeza nguvu hiyo, baadhi ya wenye magari huzungushia bomba la ekzosi utepe wa kitambaa kinachostahimili moto. Mbinu hiyo ina msingi wa kisayansi. Hata hivyo, ikitumiwa mahali pasipofaa humtia mwenye lori hasara, na hata kuhatarisha maisha ya dereva na utingo wake.

Turbo, ambayo mhandisi Alfred Büchi wa Uswisi aliisajili kama uvumbuzi wake mwaka wa 1905, ina magurudumu mawili madogo yaliyounganishwa kwa mhimili mmoja. Moshi unaotoka kwenye injini huzungusha gurudumu la kwanza, nalo la pili huvuta hewa safi na kuishindilia ndani ya silinda. Hewa ikiwa nyingi, dizeli zaidi huungua vyema, na injini hupata nguvu bila ya kuongezwa ukubwa.

Kinachozungusha magurudumu hayo si msukumo wa moshi pekee, bali pia joto lake. Lori lenye mzigo linapopanda mlima, joto la moshi huweza kupita nyuzi 600 za Selsiasi. Sehemu ya joto hilo ikipotelea kwenye chuma kabla ya kufika kwenye turbo, nguvu nayo hupungua. Kufunga bomba, basi, ni sawa na kutia chai kwenye chupa ya themosi: joto halipotei njiani.

Hapo ndipo wengi hukosea. Faida kwa turbo hupatikana tu katika sehemu iliyo kati ya injini na turbo yenyewe. Katika malori mengi sehemu hiyo ni fupi mno, kwa kuwa turbo hufungwa kwa bolti moja kwa moja kwenye manifodi ya chuma cha kalibu. Bomba refu linaloonekana kwa urahisi, ambalo ndilo hufungwa mara nyingi, liko baada ya turbo. Moshi unaopita humo umekwisha kufanya kazi yake. Kulifunga hupunguza joto chini ya kabini na kukinga nyaya na mipira iliyo karibu, lakini hakuongezi nguvu ya maana.

Manifodi nayo ikifungwa huwa na joto kali kuliko ilivyokusudiwa kiwandani, na huweza kupasuka. Aidha, sehemu ya katikati ya turbo, yenye beringi na oili, haifai kufungwa kamwe, kwa kuwa oili itaungua na kuganda.

Katika Pwani kuna adui mwingine. Kuanzia Likoni hadi Kisauni, hewa ina unyevu na chumvi ya bahari. Injini ikipoa, kitambaa hufyonza unyevu huo na kuushikilia kwenye chuma. Kutu hula bomba polepole bila kuonekana, hadi siku moshi unapoanza kuvuja.

Hatari kubwa zaidi ni moto. Dizeli huweza kuwaka bila ya cheche katika joto linalozidi kidogo nyuzi 200. Kitambaa kilicholowa dizeli au oili kutoka kwenye paipu inayovuja huwa utambi uliozungushiwa chuma chenye joto maradufu ya hilo.

Kwa hivyo, kabla ya kununua kitambaa, ni busara kuchunguza kwanza chanzo cha udhaifu. Chujio la hewa lililojaa vumbi, mpira wa hewa uliotoboka au rejeta ya kupozea hewa inayovuja huinyima injini pumzi. Masizi meusi kwenye maungio ya manifodi ni dalili kwamba gaskiti imekufa na moshi unatoroka kabla ya kufika kwenye turbo. Kurekebisha kasoro hizo huleta nguvu zaidi kuliko utepe wowote.

Anayeamua kufunga hana budi kuepuka vitambaa vya zamani vya asbesto, ambavyo vumbi lake husababisha saratani ya mapafu. Vilivyopo sasa hufumwa kwa nyuzi za kioo au za mawe, na fundi huhitaji glavu, miwani na kitambaa cha kuziba pua. Chuma kisafishwe, kila uvujaji uzibwe, na utepe ukazwe kwa vibanio visivyoshika kutu. Baada ya hapo ukaguliwe mara kwa mara, na ukilowa oili uondolewe mara moja.

Mwisho, kuna kinga isiyogharimu pesa nyingi. Dereva aliyetoka kupanda mlima aiache injini ingurume polepole kwa dakika tatu hadi tano kabla ya kuizima, ili oili iendelee kupoza beringi za turbo. Turbo inayotunzwa hivyo hudumu, iwe bomba limefungwa au li wazi.