Ukomo wa mishahara: kwa nini mkongwe huachwa

KAWAJENSE, Mpanda – Mfanyabiashara wa mahindi akiishiwa mtaji hupunguza vibarua, akabaki na wale anaomudu kuwalipa. Katika soko la wanasoka, ligi ikiweka ukomo wa mishahara, hata mchezaji aliye tayari kulipwa kidogo huweza kuachwa.

Mfano ni Barcelona ya Hispania. Agosti 5, 2021 ilitangaza kuachana na Lionel Messi, aliyekuwa na umri wa miaka 34. Alikuwa amekubali mshahara wake upunguzwe kwa nusu. Lakini mkataba wake ulikwisha Juni 30, hivyo kubaki kwake kulihesabiwa kama usajili mpya.

Chini ya kanuni za La Liga, kila klabu hupangiwa kiwango cha kutumia kwa kikosi, kufuatana na mapato na madeni yake. Kiwango cha Barcelona kilishuka kutoka Euro milioni 347 hadi milioni 98 msimu wa 2021/22. Klabu iliyovuka kiwango iliruhusiwa kutumia robo tu ya fedha ilizookoa: ili kusajili kwa Euro milioni 1, ilibidi ipunguze gharama za milioni 4.

Kwa klabu za Tanzania kinachobana ni mkataba wenyewe. Kumwacha mkongwe kabla ya muda bila sababu ya haki huzaa madai ya fidia, na klabu isiyolipa huweza kufungiwa na FIFA kusajili. Kiongozi wa klabu changa apige hesabu kabla ya kutia sahihi.