Gari ya rimoti ya kupanda mawe: T ya mota si T ya gia

Leo nasema na wale wanaouza gari za rimoti za kupanda mawe, zile za tairi kubwa zinazokwenda taratibu na kupanda kila kitu. Kama wewe unauza mabuibui au vyombo unaweza kupita, ila hili la kuagiza kwa namba usiyoielewa nadhani litakugusa na wewe.

Kabla ya sikukuu iliyopita mzee mmoja wa Wete alinunua kwangu gari ya saizi ya 1/10. Baada ya siku mbili akanitumia video kwa WhatsApp. Uani gari inakimbia vizuri, ikifika kwenye jiwe inasita, halafu inaruka na kupinduka. Akaniandikia: "Kijana wangu, mjukuu anataka ipande taratibu, hii inakurupuka. Huna mota ya nguvu?"

Mie wakati huo nilikuwa nimeshajifunza kitu kimoja. Ile gia ndogo inayokaa kwenye ncha ya mota, ikiwa na meno machache, gari inapunguza mbio na inaongeza nguvu. Gia hizo zinaandikwa 12T, 15T, 20T. Basi nilipoingia kuagiza mota nikaona na zenyewe zimeandikwa 21T, 35T, 55T. Nikasema haya, namba ndogo ndo nguvu. Nikaagiza 21T, tena sita kwa mpigo, maana sikukuu ilikuwa inakuja na nilijua wengine watauliza.

Siku ya pili ya sikukuu mzee akanipigia. Gari inanuka. Watoto wamekusanyika wanaangalia, gari imekufa juu ya jiwe la kwanza. Nilipoifungua, ile gia kubwa ya plastiki ilikuwa imelainika na meno yamelala upande mmoja. Gia nikalipa mie, mota nyengine nikalipa mie, nauli ya Chake mpaka Wete na kurudi nikalipa mie. Na mzee hakugomba hata kidogo, jambo ambalo liliniuma zaidi kuliko kama angegomba.

Sasa tuje kwenye hizo T.

Kwenye gia, T ni meno. Hesabu kwa kidole utayapata. Kwenye mota ya brashi, T ni mizunguko ya waya wa shaba uliomo ndani. Waya ukizungushwa mara chache unakuwa mnene, umeme unapita kwa wingi, mota inakwenda mbio na inakula betri. Ukizungushwa mara nyingi, mota inakwenda taratibu, na kwa kiasi kile kile cha umeme inasukuma zaidi. Kwa hiyo zinapingana. Mota ya T kubwa ni ya taratibu. Gia ndogo ya T kubwa ni ya mbio. Kwa gari ya mawe unataka T kubwa kwenye mota na T ndogo kwenye gia. Mie nilichukua ndogo zote mbili, yaani nilivuta huku na huku.

Na kwa nini iungue? Hapa ndo pana siri yenyewe. Mota ikiwa inazunguka, inazalisha umeme wake wa kupinga ule unaotoka kwenye betri, ndo maana ikiwa mbio bila mzigo inakula kidogo. Ikikwama, hakuna tena cha kupinga. Umeme unamiminika wote, na kwa kuwa hauzungushi kitu unageuka kuwa joto. Gari ya mbio inakwama kwa bahati mbaya. Gari ya mawe kazi yake ni kukwama, kujikaza, kukwama tena. Ukiipa mota ya mbio ni sawa na kumwambia dereva wa gari ya mchanga apande mlima kwa gia ya nne. Injini ni nzima, ila haipandi na inaungua.

Kwa mota za saizi ya 540, ambazo ndo nyingi kwenye gari za 1/10, mie sasa napanga hivi. 80T ni ya taratibu sana, mteja akiijaribu kwenye barabara tambarare atasema gari mbovu. 55T ni ya mawe hasa. 35T ni ya mchanganyiko, anayetaka apande mawe na pia atembee nayo njiani bila kuchoka kusubiri. 27T kushuka chini ni ya mbio, naiacha. Ukiwa na mtaji mdogo weka 35T na 55T tu.

Kuna na 550, ile ndefu zaidi. Wateja wanaipenda kwa sababu inaonekana kubwa. Ina nguvu kweli, lakini ni nzito, inakula betri, na kuna gari haiingii kabisa. Usiiuze bila ya kupima nafasi.

Gia sasa. Chukua meno ya gia kubwa gawa kwa meno ya gia ndogo. Kubwa 60, ndogo 15, jibu ni 4. Maana yake mota inazunguka mara 4 gia kubwa ikizunguka mara moja. Toa ile ya 15 weka ya 12, jibu linakuwa 5. Mbio zimepungua kwa sehemu moja katika tano, nguvu ya kuvuta imepanda kwa robo, na mota inapoa. Kitu kidogo kama hicho, cha bei ya soda chache, mara nyingi kinatibu gari kuliko mota mpya. Ndo maana siku hizi mteja akisema anataka mota ya nguvu namuuliza kwanza gia yake ina meno mangapi. Biashara ya mota naikosa pale pale, kweli, lakini yule anarudi.

(Ndani ya gari kuna gia nyengine tena, kwenye boksi na kwenye ekseli. Ukizidisha zote, katika gari nyingi za mawe mota inazunguka mara 30, 40 au zaidi tairi likizunguka mara moja. Hizo za ndani tuziache, wateja wengi hawazifungui.)

Kuna vitu viwili vinavyobadilisha hesabu yote na mteja hakwambii mpaka umuulize.

Cha kwanza betri. Kasi ya mota inakwenda na volti. Betri ya lithiamu ya seli mbili ni volti 7.4, ya seli tatu ni 11.1. Akihama kutoka mbili kwenda tatu, mbio zinaongezeka nusu nzima, na joto nalo linapanda. Angalia ile ya 15 tuliyoanza nayo: ukiweka ya 10, 60 kwa 10 ni 6, basi mbio zinarudi pale pale zilipokuwa na betri ndogo. Pia soma kile kisanduku cha umeme kinachoamrisha mota. Vingi vimeandikwa T ya chini kabisa ya mota inayoruhusiwa, na betri ikiwa kubwa T hiyo inapanda. Mteja akiivuka, kisanduku kinaungua yeye anasema mota yako mbovu.

Cha pili tairi. Vijana wanapenda kuvimbisha tairi. Ukitoka tairi ya milimita 100 ukaweka ya 120, kila mzunguko gari inakwenda mbali zaidi kwa sehemu moja katika tano. Ni kama umeongeza meno kwenye gia ndogo bila ya kujua. Aliyekuwa na 15 ashuke mpaka 12 au 13.

Vipimo vya kuingiliana ni eneo jengine linalokula mtaji wa wauzaji wa mtandaoni, maana kwenye picha gia zote zinafanana. Ncha ya mota ya 540 ya kawaida ni milimita 3.17. Baadhi ya mota kubwa zina ncha ya milimita 5. Mota ndogo ya 380 ni 2.3, na zile ndogo zaidi za 130 ni 2. Tundu la gia lazima liwe lile lile, usimwambie mtu atie gundi. Halafu ukubwa wa jino. Utaona imeandikwa 48P, 32P, au M0.8, M1. 48P jino lake ni dogo, 32P ni kubwa, hazikai pamoja hata kidogo. 32P na M0.8 ni karibu sawa sawa, zinakubaliana. Mie sina mashine ya kupima, nachukua gia ninayoijua naiweka kwenye gia ya mteja mbele ya mwanga. Ikiwa mteja yuko Mkoani au Unguja namwambia apige picha ya gia yake juu ya rula, kwa karibu.

Kama unafunga mwenyewe, kata kipande cha karatasi ya daftari, kipitishe baina ya gia mbili, sukuma mota mpaka zibane karatasi, kaza skrubu, halafu zungusha karatasi itoke. Nafasi iliyobaki ndo sahihi. Ukibana sana gia zinapiga kelele na mota inapata moto bure. Ukilegeza sana meno yanakatika kwenye jiwe la kwanza.

Baada ya hapo ipandishe mawe dakika tano kabla hujamkabidhi mtu. Sisi tumebarikiwa, hatuhitaji kutengeneza kiwanja, mawe ya matumbawe yamejaa kila pwani. Kisha gusa mota. Kama huwezi kuacha kidole mpaka uhesabu tatu, punguza meno ya gia ndogo. Wakati huo huo rikodi video. Nakuomba usiweke video ya gari inakimbia sebuleni kwenye vigae. Anayeitaka kwa mawe hataona anachokitafuta, na anayeitaka kwa mbio utamuuzia kitu si chake. Onesha tairi moja linapanda jiwe taratibu, mota hailii. Hiyo video ya sekunde kumi na tano inanifanyia kazi kuliko maneno yote.

Na kwenye tangazo siandiki tena "mota kali, nguvu balaa". Naandika: Mota 540, 55T, ncha 3.17, kwa betri ya 7.4. Gia ya meno 12, 32P, imo. Kwa kupanda mawe, si kwa mbio. Mteja asiyejua namba ataniuliza, na tukishaanza kuzungumza nami ninapata nafasi ya kumuuliza betri na tairi. Anayejua anaagiza bila maneno mengi. Mota na gia nauza pamoja, seti moja, kwa sababu mtu akichukua mota kwangu na gia kwengine, ikiungua lawama inakuja kwangu tu.

Tahadhari ya zile gari za bei nafuu za watoto, zinazouzwa sana wakati wa sikukuu. Nazo zinaitwa za kupanda mawe. Nyingi zina mota mbili ndogo, moja mbele moja nyuma, betri ya volti 4.8, na saketi moja inayofanya kila kitu. Mtu akikuomba umuwekee mota kubwa humo mkatalie. Saketi haihimili, na gia zake ni plastiki tupu. Mwambie wazi kuwa hiyo ni ya kuchezea tu, akitaka ya kutengenezwa atie pesa kidogo kidogo anunue nyengine.

Na maji ya chumvi. Kuna wanaopeleka gari pwani maji yakitoka, wanaipitisha kwenye madimbwi. Hata kama kwenye boksi imeandikwa haiingii maji, chumvi ikikauka ndani ya mota na kwenye beringi kutu inaanza. Naandika karatasi ndogo naitia ndani ya mzigo: suuza kwa maji baridi siku ile ile, ikaushe, tia tone la mafuta kwenye beringi. Tangu nianze kuitia, malalamiko ya mota iliyoganda yamepungua.

Zile 21T zangu zimebaki tatu. Mbili nimemuuzia kijana wa Konde mwenye gari ya mbio ya barabarani, anasema zinakwenda vizuri. Anayetaka aniandikie, ila nitamuuliza kwanza anaiweka kwenye gari gani.