Damu ya Mzazi Yaeleza Hali ya Moyo

Mama aliyejifungua wiki sita zilizopita anafika kliniki akilalamika kwamba hawezi kulala chali, usiku hukohoa, na miguu imevimba. Jirani amemwambia ni uchovu wa kunyonyesha. Mhudumu naye aweza kudhani ni pumu au upungufu wa damu, akamrudisha nyumbani. Kumbe miongoni mwa wazazi wa namna hii wamo ambao misuli ya moyo imedhoofu mwishoni mwa ujauzito au katika miezi 5 ya kwanza baada ya kujifungua, na wasipotambuliwa mapema huweza kufa.

Kipimo cha damu chaweza kumwokoa. Mwaka 1981 Adolfo de Bold na wenzake nchini Kanada walidhihirisha kwamba moyo si pampu tu, bali pia hutoa homoni. Mwaka 1988 watafiti wa Japani walipata homoni ya jamii hiyo katika ubongo wa nguruwe. Ndiyo maana hata leo jina lake lataja ubongo, ingawa kwa binadamu hutoka hasa moyoni. Kuta za moyo zikitanuliwa na damu iliyozidi, seli zake huimwaga homoni hiyo, nayo huziamuru figo kutoa chumvi na maji. Maabara huipima yenyewe, yaani BNP, au kipande kinachokatwa pamoja nayo, NT-proBNP, bila kuingiza mrija wowote moyoni.

Faida yake kubwa ni kukanusha. Kwa mgonjwa aliyebanwa pumzi ghafla, BNP iliyo chini ya pikogramu 100 kwa mililita, au NT-proBNP chini ya 300, yaonyesha kuwa huenda chanzo si moyo kushindwa kusukuma damu. Ikizidi hapo, afanyiwe eko haraka. Hata hivyo tarakimu si hukumu: uzee, ugonjwa wa figo, mapigo yasiyo na mpangilio na presha ya mimba huipandisha, ilhali unene huishusha, hata mgonjwa wa kweli akaonekana mzima.

Troponini ni habari nyingine. Hiyo huonyesha kuumia kwa seli za moyo, na hurudiwa baada ya saa chache kwa sababu anayewahi kufika aweza kuikuta bado haijapanda.

Penye kituo kisicho na mashine, mzazi aulizwe analala na mito mingapi, ahesabiwe pumzi, apimwe presha, na akishukiwa apewe rufaa siku hiyohiyo.