Laptopu ya mtumba: Betri inasoma 100, kumbe kimeo!

Kama umeamka salama na mfukoni kuna chochote, sogea karibu nikupe kisa cha laki nne na nusu. Siyo zangu, mimi laki nne na nusu kwa mpigo huwa naziona kwa watu. Zilikuwa za mama mdogo, anayeuza chakula Tandika, na wala hakuziokota. Alizikopa kwenye VICOBA chao, akaniita kwake Jumamosi usiku, akafunga mlango, ndipo akazifungua kwenye pindo la kanga.

"Mwanangu," akaanza, "mdogo wako amepata chuo, na wanasema bila kompyuta atakuwa anawasindikiza wenzake. Wewe ndiyo unaandika mambo hayo gazetini. Nenda naye Kariakoo kesho kutwa. Lakini ukiniletea bati, wale akina mama watabeba mpaka masufuria yangu."

Nikasema sawa mama, hamna shida. Moyoni nilikuwa natetemeka ile mbaya, kwa sababu kuna jambo ambalo familia haijui mpaka leo. Mimi mtaalamu wao niliwahi kulizwa Kariakoo hiyo hiyo, tena kwa kitu kidogo kama kidole.

Ilikuwa mwaka 2024. Nilinunua flashi kwa kijana mmoja wa mezani, imeandikwa GB 512, kwa sh. 15,000. Nikajiona mjanja wa mji. Mwaka huo huo bibi yetu akafariki, tukaenda kumzika Muheza, na mpiga picha wa msiba nikawa mimi na simu yangu. Simu ikajaa. Niliporudi Dar nikahamishia picha zote kwenye flashi, nikazifuta kwenye simu ili nipate nafasi. Mwezi mmoja baadaye shangazi akazitaka. Nikaichomeka flashi: majina ya picha yote yapo, yamejipanga vizuri kabisa. Nafungua ya kwanza, haifunguki. Ya pili, nusu ya juu ni jeneza na nusu ya chini ni kijivu. Zilizobaki hewa tupu. Jamani, nilikaa chini.

Fundi mmoja rafiki yangu ndiye aliyenifumbua macho. Ndani ya flashi kuna chipu mbili: moja inatunza mafaili na nyingine ndogo ni karani wa mlangoni, anayeiambia kompyuta ghala lina ukubwa gani. Matapeli wanamfundisha karani kusema uongo. Ghala ni la GB 8, karani anatangaza 512. Ukiweka vitu vichache mambo yanakwenda. Ukishapita GB 8, mzigo mpya unaangushwa juu ya mzigo wa zamani, au unatupwa kabisa, huku karani akiendelea kuandika majina kwenye daftari. Ndiyo maana majina yalikuwepo na picha hazipo. Kuna programu ya bure inaitwa H2testw, inaijaza flashi mpaka pomoni halafu inasoma tena kilichoandikwa kuona kama kimerudi salama. Tulipoipima yangu, GB 7 na ushee ndizo zilikuwa za kweli.

Ila usije ukamkunja muuzaji shati kwa sababu flashi ya GB 64 inasoma 59. Huo siyo wizi. Kiwanda kinahesabu GB moja kuwa baiti bilioni moja, na Windows inahesabu kwa 1,024 mara 1,024 mara 1,024, kwa hiyo diski ya 256 inaonyesha 238 na ya 500 inaonyesha 465.

Basi, Jumatatu asubuhi nikatoka na binti wa mama mdogo. Pesa alizishika yeye, ndani kabisa ya nguo, mimi nikabeba simu yenye bando na flashi yenye programu zangu za kupimia. Asubuhi ndiyo saa yake. Jioni kila mtu ana haraka, muuzaji anafunga, umeme nao unaweza kukuchezea, unajikuta umepima kwa dakika tano kitu cha miaka minne.

Duka la kwanza tulipokewa kifalme. "Karibu bosi, karibu dada, kaa hapa. Hii ni i7, mashine ya kazi, imetoka Uingereza, mbichi kabisa. Laki tano, lakini kwa ajili ya mwanachuo, nne na themanini." Kweli ilikuwa inang'aa, na stika ya i7 ilikuwa mpya kuliko laptopu yenyewe. Hapo hapo nikapata wasiwasi. Stika zinauzwa, msomaji wangu, hata wewe ukitaka unaweza kubandika kwenye friji.

Nikafungua sehemu inayotaja prosesa: i7-4600U. Nikaifunga.

"Vipi kaka, i7 hiyo!" yule kijana akashangaa. "Au unataka i5? i5 ni ndogo."

Binti naye akanitazama kama nimerukwa na akili. Nikamvuta pembeni nikamweleza hivi: hiyo i3, i5 au i7 ni cheo, na namba inayoanza baada ya kistari ni mwaka wa kuajiriwa. i7-4600U ni ya kizazi cha nne, ilitoka mwaka 2013, ina kori mbili tu, yaani vichwa viwili vya kufanya kazi. i5-8250U cheo chake kidogo, lakini ni ya kizazi cha nane, ya mwaka 2017, na ina kori nne. Ni sawa na kumshindanisha afande mstaafu na koplo kijana kwenye mbio.

Halafu kuna suala la Windows. Microsoft walisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, kwa kawaida prosesa ya kizazi cha nane kwenda juu. Mafundi wetu wanaweza kuilazimisha ikae kwenye mashine ya zamani, na itawaka, utafurahi, ila Microsoft wenyewe wanasema mashine ya namna hiyo haina uhakika wa kupata masasisho. Kwa mtu wa kuangalia muvi nyumbani siyo kesi. Kwa mwanachuo anayechomeka flashi za watu sitini, mimi nilikataa.

Duka la pili ndipo binti alipopenda. Nyembamba, nyepesi, rangi ya fedha, kizazi cha nane, laki nne na nusu kamili kama vile muuzaji alichungulia kwenye pindo la kanga. Nikasema ngoja kwanza. Nikaizima, nikaiwasha huku nabonyeza kitufe cha kuingilia BIOS, yale mazingira ya ndani kabla Windows haijaamka. Dell ni F2, HP ni F10, na ThinkPad ni F1. Ikaniuliza nywila.

"Hiyo ni ya kampuni ya huko ilikotoka," muuzaji akasema, "wala haikusumbui. Wewe si unatumia Windows?"

Inasumbua, tena sana. Siku Windows ikigoma na unataka kuweka nyingine kupitia flashi, mlango unaweza kuwa umefungwa na mwenye ufunguo yuko ng'ambo. Kwenye laptopu nyingi za miaka ya karibuni nywila hiyo imeandikwa ndani ya chipu, hata ukitoa diski na betri haiondoki. Na zaidi, nitajuaje kama ile kampuni iliiuza au iliibiwa? Binti alinuna mpaka tukavuka barabara.

Duka la tatu kulikuwa na mzee wa makamo na kijana wake. Nikaamkia, "Shikamoo mzee," akaitika "Marahaba, pimeni mnavyotaka, msivunje tu." Huyo nikampenda. Akatupa mbili, zote i5-8250U, zote ramu GB 8 na diski ya SSD ya 256. (Ramu GB 4 siku hizi ni mateso, ukifungua kurasa kumi za intaneti na kazi ya chuo mashine inaanza kuhema. Na uliza kama ramu inaongezeka, maana nyingine imechomelewa kwenye bodi.)

Ya kwanza betri ilikuwa inasoma asilimia 100. Kijana wake akanionyesha kwa kidole: "Ona kaka, mia kwa mia." Hapa ndipo wengi wanapoingizwa mkenge, kwa hiyo nisikilize taratibu. Ile 100 ni asilimia 100 ya kilichobaki. Betri ilizaliwa ndoo, imezeeka imekuwa kikombe, na kikombe kikijaa nacho kinasema nimejaa. Dawa yake iko ndani ya Windows yenyewe, huna haja ya kununua chochote. Fungua Command Prompt, andika powercfg /batteryreport, bonyeza Enter. Itatengeneza ripoti na kukwambia imeiweka wapi, ifungue. Humo kuna namba mbili za kutazama: uwezo wa betri ilipotoka kiwandani, na uwezo wake sasa ikijaa.

Ile ya kwanza: kiwandani 50,000, sasa 16,000. Chini ya theluthi moja. Ya pili: kiwandani 50,000, sasa 41,000. Nikamwonyesha yule mzee, akavaa miwani, akasoma, akamgeukia kijana wake: "Hii ya kwanza kwa nini tumeweka bei sawa na ile?" Kijana akakuna kichwa.

Tukabaki na ya pili. Nikachomeka flashi yangu nikafungua CrystalDiskInfo, inayosoma afya ya diski na saa ilizofanya kazi. Ilikuwa na saa 6,000 na kitu. Nimewahi kuona diski ya saa 30,000 inauzwa kama mpya, na saa 30,000 ni siku 1,250 za kuwaka bila kuzimwa, zaidi ya miaka mitatu. Nikafungua ukurasa mweupe, kioo kizima, kutafuta madoa. Binti akabonyeza vitufe vyote vya kibodi kimoja kimoja, mpaka vile ambavyo hatavitumia maisha yake yote. BIOS ikafunguka bila kuuliza kitu. Matundu yote ya USB yakapimwa, kamera ikawaka, Wi-Fi ikashika hotspoti ya simu yangu.

Halafu nikachomoa chaja, nikaweka video, nikamwambia mzee tunakwenda kunywa chai, itembee tu.

Wakati wa chai acha nikuchomekee la pembeni kuhusu pawabenki, maana meza ya jirani walikuwa wanauza za "50,000 mAh" zenye ukubwa wa simu. Ndani ya pawabenki nyingi kuna betri za duara, nene karibu kama kidole gumba. Zilizo bora kabisa za aina hiyo zinabeba kama 3,500 mAh kila moja, na moja ina uzito wa gramu arobaini na kitu. Ili ufike 50,000 unahitaji zaidi ya 14, yaani zaidi ya nusu kilo ya betri peke yake. Ishike mkononi. Kama ni nyepesi kama mandazi, basi ni mandazi. Rafiki yangu alipasua ya kwake akakuta betri moja na mchanga, mchanga kabisa wa ufukweni, sina mbavu.

Tuliporudi baada ya dakika arobaini video bado inakwenda, betri imeshuka kwa kiasi cha kueleweka, na chini mashine ina joto la kawaida, siyo la pasi. Bei ilianzia laki nne na themanini. Nikaanza na tatu na themanini, mzee akacheka. Tukavutana, binti akaleta habari za chuo na mkopo wa mama yake, ikatua laki nne na ishirini, na chaja yake, na risiti, na mzee akaandika kwa mkono nyuma ya risiti kwamba ikisumbua ndani ya wiki mbili tunarudi. Elfu thelathini zilizobaki tukanunua begi na flashi ya GB 32. Flashi tuliipima hapo hapo dukani, na nilisimama mpaka H2testw ikamaliza, watu wakinishangaa.

Jioni tukafika Tandika. Mama mdogo akanawa mikono, akaifuta kwa kanga, akaipakata ile laptopu kama mtoto wa jirani. "Hii ndiyo nzima?" akauliza. Nikamwambia nzima, mama. "Inapiga kwaya?"

Binti akatafuta kwaya, akaongeza sauti. Ikapiga vizuri upande wa kulia. Upande wa kushoto spika ilikuwa inakwaruza kama redio ya zamani. Tulikuwa tumepima kila kitu, mpaka vitufe vyenye alama tusizozijua, ila dukani sauti tuliizima kwa sababu ya kelele za mtaa.

Binti akanitazama, mimi nikatazama dari. Mama mdogo alikuwa anaimba.