Kanisa Dogo la Mai Mahiu na Vita Vilivyokomeshwa Roma

Msafiri atokaye Limuru kwenda Naivasha kwa barabara ya chini hufika mahali ambapo nchi hukatika ghafula. Mbele yake huliona Bonde la Ufa limetandikwa kama mkeka, mlima Longonot na kinywa chake kipana upande mmoja, na mlima Suswa kwa mbali upande wa pili. Barabara huteremka ubavuni mwa ukingo huo kwa mizunguko mingi mpaka Mai Mahiu, mji ambao jina lake kwa Kikikuyu maana yake ni maji ya moto. Magari makubwa yapelekayo shehena Uganda, Rwanda na Kongo hupita hapo usiku na mchana, na madereva huwa waangalifu sana, maana mteremko huo umekwisha kuua watu wengi.

Karibu na mwisho wa mteremko, kando ya njia, pana kanisa dogo la mawe. Ni dogo hata watu kumi na wawili wakiketi ndani huwa limejaa. Liliwekwa chini ya jina la Mtakatifu Maria wa Malaika, lakini wengi hulijua kwa jina la Kanisa la Wasafiri. Lilijengwa mwaka 1942. Waliolijenga hawakuwa mapadre wa misioni, wala walowezi, wala wenyeji wa nchi. Walikuwa mateka wa vita, watu wa Italia, ambao kazi yao ilikuwa kuitengeneza barabara hiyo.

Watu hupita hapo kila siku bila kuuliza mateka hao walifikaje ukingoni mwa Bonde la Ufa. Tena ni wachache wajuao kwamba serikali ya Italia iliacha kupigana na Waingereza mwezi wa Septemba 1943, na hata hivyo wengi wa mateka walikaa katika nchi hii karibu miaka mitatu zaidi. Habari hiyo yafaa kuelezwa, kwa kuwa ndani yake mna fundisho juu ya jambo zito kuliko yote awezayo kuamua mkubwa wa nchi, yaani kukomesha vita.

JINSI WALIVYOFIKA KENYA

Tarehe 3 Oktoba 1935 majeshi ya Italia yalivuka mpaka na kuingia Ethiopia, nchi ambayo wazee waliiita Uhabeshi. Mtawala wa Italia wakati huo alikuwa Benito Mussolini, aliyetaka nchi yake iwe na dola kubwa kama zile za kale. Wahabeshi walipigana kwa ushujaa, lakini walishambuliwa kwa ndege, mizinga na hewa ya sumu. Mfalme Haile Selassie aliondoka nchini mwanzoni mwa Mei 1936, na tarehe 30 Juni alisimama Geneva mbele ya Chama cha Mataifa kulishtaki jambo hilo. Alisikilizwa, lakini hakusaidiwa.

Tarehe 10 Juni 1940 Mussolini aliingia katika vita vikuu akiwa upande wa Ujerumani. Hapo Kenya ikawa mpakani mwa vita. Waitalia waliitwaa Moyale mwezi wa Julai, na watu wengi wa Kenya waliogopa kwamba watateremka mpaka Nairobi. Haikuwa hivyo. Mwanzoni mwa mwaka 1941 majeshi yaliyoongozwa na Jemadari Alan Cunningham yalitoka Kenya, yakaitwaa Kismayu katikati ya Februari, kisha Mogadishu, na tarehe 6 Aprili yakaingia Addis Ababa. Katika majeshi hayo walikuwamo askari wa King's African Rifles kutoka Afrika ya Mashariki, pamoja na askari wa Nigeria, wa Gold Coast na wa Afrika ya Kusini. Mfalme Haile Selassie alirudi katika mji wake tarehe 5 Mei 1941, miaka mitano kamili tangu siku ile adui alipouingia. Jeshi la mwisho la Waitalia liliweka silaha chini huko Gondar mwezi wa Novemba.

Hivyo ndivyo makumi ya maelfu ya mateka walivyoletwa Kenya. Walitiwa katika makambi ya Nanyuki, Nyeri, Gilgil, Naivasha, Londiani, Eldoret na mahali pengine. Kati yao walikuwamo waashi, maseremala, mafundi wa mitambo, wakulima na hata waganga. Serikali iliwatumia katika kazi nyingi, na mojawapo ilikuwa ile barabara ya ukingoni juu ya Mai Mahiu.

MSHINDI WA ADDIS ABABA

Sasa yatupasa kumtazama mtu mmoja, Pietro Badoglio. Huyu ndiye jemadari aliyeyaongoza majeshi ya Italia katika vita vya Uhabeshi tangu mwisho wa mwaka 1935. Ndiye aliyeruhusu hewa ya sumu itumiwe, na ndiye aliyeingia Addis Ababa kwa ushindi tarehe 5 Mei 1936. Kwa ajili hiyo mfalme wake alimpa cheo cha Mtawala wa Addis Ababa. Alikuwa mkubwa wa majemadari wote wa Italia mpaka mwisho wa mwaka 1940, alipoacha kazi baada ya majeshi yake kushindwa vibaya katika nchi ya Wayunani.

Ilipofika mwaka 1943 mambo ya Italia yalikuwa yameharibika. Afrika yote ilikuwa imepotea. Jeshi lililopelekwa Urusi lilikuwa limeangamia katika theluji. Tarehe 10 Julai Waingereza na Waamerika walishuka kisiwani Sisilia, na tarehe 19 mabomu yakaangushwa Roma. Usiku wa tarehe 24 kuamkia 25 Julai wakubwa wa chama cha Mussolini mwenyewe walipiga kura dhidi yake. Siku hiyo Mfalme Victor Emmanuel wa Tatu alimwondoa, akaamuru akamatwe, na mahali pake akamweka Badoglio, ambaye wakati huo alikuwa mzee wa miaka 71.

Waitalia walijaa njiani wakishangilia, kwa kuwa walidhani vita vimekwisha. Lakini Badoglio alitangaza kwamba vita vitaendelea. Alisema hivyo kwa kuwaogopa Wajerumani, ambao majeshi yao yalikuwa ndani ya nchi. Kwa siri alimtuma Jemadari Giuseppe Castellano mpaka Lisbon kuzungumza na Waingereza na Waamerika. Majuma yakapita katika mashauri, na kila juma Wajerumani waliongeza askari wao Italia.

Lisilobudi hutendwa. Tarehe 3 Septemba 1943, ndani ya hema mahali paitwapo Cassibile katika Sisilia, Castellano alitia sahihi mapatano ya kusimamisha vita. Yaliwekwa siri kwa siku tano. Jioni ya tarehe 8 Septemba Jemadari Eisenhower aliyatangaza kwa redio kutoka Algiers, na baada ya muda kidogo Badoglio naye akawatangazia watu wake kwamba Italia haitapigana tena na Waingereza na Waamerika. Taifa lililokuwa vitani karibu miaka minane, katika Uhabeshi, Hispania, Albania, nchi ya Wayunani, Libya na Urusi, lilisikia neno hilo kwa dakika chache tu.

NENO JEMA LILILOTENDWA VIBAYA

Hapana shaka kwamba uamuzi huo ulikuwa wa haki. Nchi ilikuwa haina nguvu tena, na kila siku iliyoongezwa ilikuwa ya kuua watu bure. Lakini namna ulivyotimizwa ilileta msiba. Majemadari walio mbali hawakuwa wamepewa maagizo yaliyo wazi. Alfajiri ya tarehe 9 Septemba mfalme na Badoglio waliondoka Roma, wakafika Brindisi kwa manowari. Jeshi lao likaachwa bila kiongozi. Wajerumani waliutwaa mji wa Roma siku iliyofuata, wakawanyang'anya askari wa Kiitalia silaha zao, na wengi mno, zaidi ya 600,000, walipelekwa katika makambi ya Ujerumani. Mussolini alitolewa kifungoni na askari wa Kijerumani tarehe 12 Septemba, akasimamisha serikali nyingine kaskazini. Basi Waitalia wakapigana wao kwa wao, na amani ya kweli haikufika katika nchi yao mpaka mwanzo wa Mei 1945.

MATEKA WALIPONGOJA

Na wale wa Bonde la Ufa je? Mapatano ya Cassibile yalidai kwamba mateka wa Waingereza na wa marafiki zao waliokuwa mikononi mwa Waitalia warudishwe mara moja. Juu ya mateka wa Kiitalia hayakusema neno. Serikali yao ilikuwa imeacha vita, na mwezi wa Oktoba 1943 ikatangaza hata vita dhidi ya Ujerumani, lakini wao walibaki mateka kama kwanza.

Sababu zake si ngumu kufahamu. Meli zilikuwa chache, na zilihitajiwa kupeleka askari na silaha. Nchi za Waingereza nazo zilikuwa na upungufu wa mafundi na wafanyakazi. Kwa hiyo mateka waliulizwa kama watakubali kufanya kazi kwa hiari pamoja na Waingereza. Waliokubali walipewa nafasi zaidi ya kutembea na kufanya kazi nje ya kambi. Wengine walikataa, ama kwa sababu walikuwa bado wakimpenda Mussolini, ama kwa sababu waliona kwamba kiapo cha askari hakibadiliki kwa tangazo la redio. Watu waliokuwa wamekula chakula kimoja na kulala chini ya paa moja wakaanza kuepukana.

Jinsi siku zilivyokuwa nzito kwa mateka yaonekana katika kisa cha Felice Benuzzi. Mwezi wa Januari 1943 yeye na wenzake wawili walitoroka kambi ya Nanyuki. Hawakukimbilia mpakani, walikwenda kuupanda mlima Kenya kwa vifaa walivyojitengenezea wenyewe. Wawili wao walifika katika kilele cha Lenana, wakasimamisha bendera yao, kisha wote watatu wakashuka, wakarudi kambini kwa miguu yao. Walihukumiwa kufungwa siku 28, lakini mkubwa wa kambi alizipunguza zikawa 7 kwa kuustahi ushujaa wao. Watu hao hawakutafuta uhuru, kwa kuwa walijua hawataupata. Walitafuta kazi moja iliyo yao wenyewe, ambayo mtu ataweza kuihesabu miaka yake kwayo. Yamkini waliojenga kanisa la Mai Mahiu walikuwa na haja iyo hiyo.

Wengine hawakurudi kabisa. Amedeo, Mtawala wa Aosta, aliyekuwa mkubwa wa Waitalia katika Uhabeshi, alikufa kwa ugonjwa Nairobi tarehe 3 Machi 1942 akiwa mateka. Amezikwa Nyeri, katika kanisa la ukumbusho pamoja na mamia ya watu wake. Waliosalia walirudishwa kwao kwa meli katika miaka ya 1946 na 1947.

ASKARI NAO WALINGOJA

Isidhaniwe kwamba waliowashinda walikuwa na raha. Askari wa King's African Rifles waliotoka Uhabeshi hawakuruhusiwa kurudi kulima. Vikosi vingine vilipelekwa Madagaska mwaka 1942, kisha Ceylon, na mwaka 1944 wakapigana na Wajapani katika misitu ya Burma, wakati wa mvua nyingi na homa. Vita vilipokwisha mwaka 1945, nao walingoja meli. Hivyo mwana wa mkulima wa Kenya aliyemteka Mwitalia, na Mwitalia aliyetekwa, huenda walifika majumbani mwao mwaka mmoja.

Mapatano ya amani na Italia yalitiwa sahihi Paris tarehe 10 Februari 1947. Italia iliacha madai yake yote juu ya Uhabeshi, ikakubali kulipa fidia ya dola milioni 25. Kati ya siku Badoglio alipoingia Addis Ababa kwa shangwe na siku hiyo ya Paris ilipita karibu miaka kumi na mmoja.

YATUPASAYO KUKUMBUKA

Mwenye amri aweza kuanzisha vita kwa neno moja, na aweza kuvikomesha kwa neno moja. Lakini neno la pili halitoshi peke yake. Lataka maagizo yaliyo wazi, lataka mkubwa asimame mahali pake, na lataka mtu wa kufikiri habari za wale walio mbali: mateka, majeruhi, waliofukuzwa makwao. Badoglio alipata ujasiri wa kusema neno hilo. Hakuwa na ujasiri wa kukaa karibu nalo.

Watu wa Mai Mahiu wanalifahamu jambo hili kuliko wengi. Baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa mwisho wa mwaka 2007, jamaa nyingi zilizofukuzwa katika sehemu nyingine za Bonde la Ufa zilifika hapo na kukaa katika mahema. Tarehe 28 Februari 2008 wakubwa walitia sahihi mapatano jijini Nairobi, na watu wakashukuru. Lakini mahema hayakuondoka siku hiyo, wala mwaka huo. Wengine walichanga fedha wakanunua ardhi papo hapo, kwa kuwa hawakuwa na mahali pa kurudi.

Barabara ya mateka ingali inatumika, na mlango wa kanisa lao wamtazama kila apitaye. Dereva achoshwaye na mteremko husimamisha gari lake hapo, huingia, huketi kidogo katika kiti cha mbao, kisha hushika njia yake kwenda Naivasha.