Msitu wa Boni wakosa wageni

HIFADHI ya Kitaifa ya Boni katika Garissa ilitengwa mwaka wa 1976 ili iwe kimbilio la ndovu wakati wa kiangazi. Katika misitu ya Boni na Dodori, wataalamu wamemwona paa nunga, mnyama adimu anayejulikana zaidi Unguja.

Hata hivyo, watalii hawaendi huko kama waendavyo Tsavo. Hifadhi hiyo inapakana na Somalia, na mnamo Septemba 2015 serikali ilianzisha Operesheni Linda Boni kuwafurusha wapiganaji wa Al-Shabaab.

Wanaoumia ni Waaweer, ambao majirani huwaita Waboni. Mwaka wa 1977 uwindaji, uliokuwa riziki yao, ulipigwa marufuku nchini. Utalii ambao ungewapa kazi ya kuwaongoza wageni msituni haujafika.